Mahali Taa Zilipokuwa

Kapteni Strand alitaka mtu atiwe pingu kabla ya saa sita mchana, na mtu mwenyewe wala hakujificha. Alikuwa ameketi kwenye vidato vya mbele vya nyumba ya Whitlock, kofia gotini, akila totiya, chapati ya mahindi, yenye maharage kama fundi yeyote aliyewahi kazini akakuta mwenye nyumba bado amelala.

Sajini Verna Toliver aliegesha gari chini ya mwaloni, akazima redio katikati ya sauti ya Kapteni, akashuka. Upepo mkavu wa Oktoba ulikuwa ukiteremka kutoka milimani na kuparuza majani juu ya paa. Alisimama kidogo akaitazama nyumba. Paa lililolala chini kama kofia iliyovutwa hadi kwenye nyusi, ncha za makombamoyo zikitokeza nje bila aibu, nguzo za baraza zikiota kutoka kwenye rundo la mawe ya mtoni. Baba yake alikuwa seremala wa samani mjini Pasadena kwa miaka thelathini na nane, na alikuwa na neno moja tu kwa nyumba za namna hii. Alikuwa akisema, "Hizi hazijui kusema uongo. Kila kiungo kiko nje."

"Wewe ndiye Mzee Tarango?"

"Ndiye." Mzee alifunga chakula chake, akainuka kwa adabu. Eusebio Tarango alikuwa na miaka sabini, mwembamba, mikono mikubwa kuliko mwili wake. "Askari wa jana aliniambia nisiende mbali. Nikaona niende mahali ninapojulikana."

"Unajua unatuhumiwa nini?"

"Taa tatu za chumba cha kulia. Zimeibwa usiku wa kuamkia Jumapili. Mimi nilipewa ufunguo Ijumaa, alama za vidole vyangu ziko nyumba nzima, na Jumamosi usiku nililala peke yangu maana marehemu mke wangu hawezi kuja kunitolea ushahidi." Alivaa kofia. "Nimesahau kitu?"

"Keekee ya umeme ndani ya gari lako. Imejaa unga wa mbao."

"Seremala bila unga wa mbao ni mchungaji, Sajini."

Verna alikaribia kucheka, akajizuia. "Kwa nini ulipewa ufunguo Ijumaa?"

"Bwana Royce alinipigia simu. Akasema dirisha la stoo ya jikoni linakwama, nije nilirandie. Nikaja, nikalirandia, nikaondoka. Akasema nikae na ufunguo mpaka Jumatatu, labda kutakuwa na kazi nyingine."

"Ulipita chumba cha kulia?"

"Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Nikashangaa. Miaka thelathini na moja naitunza nyumba hii, mlango ule sijapata kuukuta umefungwa."

"Kabla ya Ijumaa ulikuja lini mara ya mwisho?"

Mzee hakuhitaji kufikiri. "Februari. Kila mwaka mwezi wa Aprili nazishusha taa, nazisafisha, nazitia nta, nazirudisha. Mwaka huu wa themanini na sita sikuitwa. Nikapiga simu, nikaambiwa mafundi wa umeme wamo ndani, ningoje. Nikangoja." Alikunja mdomo. "Sajini, mimi mali sina. Jina langu ndilo chombo changu cha kwanza cha kazi. Ukinitia pingu mbele ya mtaa huu, hata ukinifungua kesho, hakuna atakayeniachia tena ufunguo."

"Sijamtia mtu pingu bado," Verna alisema. "Kaa hapa. Usiondoke, na usimwambie mtu neno."

*

Royce Whitlock alimpokea mlangoni akiwa na kikombe cha kahawa mkononi. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na tano, shati limepigwa pasi vizuri, sauti tulivu ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Nyumba ilijengwa mwaka 1910 na babu yake, Horace Whitlock, aliyehama kutoka Ohio na mapafu mabovu kutafuta hewa kavu, na ndiyo sababu ya ile baraza ya juu isiyo na kuta, ambako familia nzima ilikuwa ikilala nje majira yote ya joto. Royce aliirithi kwa mama yake mwaka uliopita.

"Kapteni aliniambia jambo limekwisha," alisema.

"Kapteni yuko ofisini, bwana. Mimi niko hapa. Nionyeshe."

Walipita ukumbini. Ndani kulikuwa na kiza kizuri cha mbao: kuta za mwaloni hadi usawa wa bega, benchi lililojengwa ndani ya ukuta kando ya meko, na matofali ya meko yenyewe yaliyoungua kupita kiasi yakapindika na kuwa meusi. Mafundi wengine wangeyatupa. Mchoraji wa ramani ya nyumba hii, mtu aliyeitwa Silas Wendover, aliyachagua moja moja.

"Mama yangu alipaka rangi nyeupe humu ndani yote mwaka wa hamsini na mbili," Royce alisema akipita. "Ilikuwa ndiyo mitindo. Eusebio akatumia miaka miwili kuikwangua."

Verna aliona jinsi alivyomwita mzee yule kwa jina tupu, kama mtu anayemwita mtoto wa jirani.

Chumba cha kulia kilikuwa upande wa mashariki. Meza ndefu, kabati la vyombo lililojengwa ukutani lenye vioo vya rangi, na dari ya mbao za mwerezi. Juu ya meza, pale taa tatu zilipokuwa zikining'inia kwa kamba za ngozi, palikuwa na nyaya tatu zilizokatwa, zimekunjamana kama mikia ya panya. Mlango wa stoo ya jikoni ulikuwa wazi, na vipande vya kioo cha dirisha vilikuwa vingali sakafuni.

"Mimi nilikuwa San Diego tangu Jumamosi asubuhi," Royce alisema. "Nimewapa askari risiti ya hoteli. Nimerudi Jumapili saa tatu asubuhi, nikakuta hivi. Taa kama hizi, Sajini, watu wa New York wananunua moja kwa bei ya nyumba. Na nani mjini hapa anajua zinafunguliwaje? Mmoja tu. Amekaa hapo nje anakula maharage."

"Zinafunguliwaje?"

"Kila taa ilishikwa na kibao cha mkangazi darini, kina vizibo vinne vidogo vya mpingo. Chini ya vizibo kuna skrubu. Mtu asiyejua angeng'oa dari nzima. Aliyeiba alitoboa vizibo kwa keekee, sawasawa kabisa."

"Unaijua nyumba yako."

"Nimezaliwa humu."

"Ile taa ya juu kwenye ngazi, nayo ni ya Wendover?"

Royce aligeuka kidogo. Kutoka pale waliiona, ikining'inia mwisho wa ngazi, ndogo kuliko zilizoibwa, kioo cha kijani na kahawia. Mtu angeweza kuifikia kwa kusimama kwenye kidato cha tatu kutoka juu.

"Ndiyo. Ya nne."

"Iko karibu na mkono kuliko hizi. Mwizi ameiachaje?"

"Ina ufa," alisema Royce. "Tetemeko la sabini na moja. Haina thamani kubwa."

Verna alipanda ngazi, akasimama chini ya taa, akaitazama kutoka kila upande. Hakuona ufa wowote. Akashika nguzo ya ngazi, akapanda juu ya ubao wa pembeni hadi kichwa chake kikapita taa. Hapo ndipo alipouona: mstari mwembamba kama unywele, kwenye kioo cha juu, upande unaotazama dari.

Akashuka akijipangusa mikono. "Asante," alisema. "Sasa nitahitaji ngazi ya kukunja na chumba cha kulia peke yangu."

*

Askari waliopiga picha Jumapili walisimama sakafuni wakaelekeza kamera juu. Verna alizitazama picha zao asubuhi hiyo mezani kwake. Zilionyesha nyaya na mashimo, basi. Alivua viatu, akaikunjua ngazi juu ya zulia, akapanda hadi pua yake ikagusa mwerezi.

Mashimo yalikuwa kumi na mawili, manne kila mahali pa taa. Mtu alitoboa vizibo vya mpingo, akapitiliza hadi ndani ya dari. Ila alichokuwa akikitafuta hakukipata. Verna aliingiza kalamu kwenye shimo la kwanza, la pili, la tatu. Hapakuwa na alama ya skrubu, wala kutu, wala chembe ya chuma. Baada ya kutoboa, mtu huyo alichukua mtaimbo akavibandua vibao kwa nguvu. Kingo za mbao zilikuwa zimemong'onyoka, na katika mfereji mfupi uliochongwa darini mlikuwa mmebaki vipande vya mkangazi vilivyovunjika kama jino.

Akaumulika mfereji kwa tochi. Baba yake aliwahi kumwonyesha kiungo cha namna ile kwenye droo ya sanduku. Ulimi wa mbao unaingia, unasukumwa, unajifunga wenyewe.

Kisha akauelekeza mwanga kwenye shimo la nne, akatulia.

Ndani ya shimo palikuwa na utando wa buibui. Utando wenyewe ulikuwa mzito, wenye vumbi, umetandwa ukatengenezwa ukatandwa tena, na chini yake maganda matatu ya nzi waliokauka. Akaangalia mashimo mengine. Matano yalikuwa na utando.

Akazima tochi, akafungua pazia jembamba la dirisha la mashariki ili jua la asubuhi liingie, akatazama mbao zenyewe. Kila aliyefanya kazi na mwerezi anajua tabia yake: ukiufunika unabaki mweupe kama siagi, ukiuacha kwenye mwanga unageuka asali, kisha chai. Mahali palipofunikwa na vibao tangu mwaka 1910 palipaswa kung'aa kama meno. Badala yake palikuwa na rangi ya asali. Ungelazimika kukodoa macho kuona mpaka wake na dari iliyobaki.

Verna alikaa juu ya kilele cha ngazi, soksi zikining'inia, akakwangua kidogo ukingo wa shimo kwa ukucha. Akanusa. Tangawizi. Mwerezi wa pwani ya kaskazini hunukia tangawizi mpaka siku ya kuoza kwake.

Alishuka, akatoka kwa mlango wa nyuma hadi kwenye gari la Tarango. Keekee ilikuwa bado kwenye mfuko wa ushahidi, konstebo wa zamu akiilinda kama yai. Akaufungua mfuko, akaingiza pua. Harufu kali, ya uchachu, kama siki iliyosahauliwa.

"Mwaloni," alimwambia konstebo.

"Nini, Sajini?"

"Andika. Unga uliomo ni wa mwaloni. Si mwerezi, si mkangazi, si mpingo. Mpelekee mtaalamu athibitishe, lakini andika sasa hivi."

*

Nyumba ya upande wa mashariki ilikuwa ya Bi Winifred Pell, mwenye miaka themanini na minne, mkavu kama ubao na macho makali. Alimfungulia Verna akiwa amevaa glovu za bustani.

"Umechelewa," alisema. "Nilidhani mngekuja jana."

"Askari hawakukuuliza?"

"Waliniuliza kama nilisikia kioo kikivunjika. Nikasema mimi ni kiziwi wa sikio la kulia. Wakaniambia asante bibi, wakaenda zao. Kana kwamba masikio ndiyo niliyo nayo tu!"

"Mimi nauliza macho."

Bi Pell alimtazama upya, akavua glovu. "Ingia jikoni."

Sinki la jikoni lilikuwa chini ya dirisha, na dirisha lilitazamana na chumba cha kulia cha akina Whitlock, ng'ambo ya ua wa waridi.

"Naosha vyombo hapa tangu mwaka wa thelathini na tisa," alisema bibi. "Kila jioni zile taa zikiwashwa, mwanga wa dhahabu unaanguka mpaka kwenye waridi zangu. Mama yake Royce alikuwa akiziwasha saa kumi na mbili hata kama anakula yai peke yake. Royce naye aliziwasha. Halafu basi."

"Lini?"

"Siku yangu ya kuzaliwa ni tarehe kumi na tisa Machi. Nilikata keki nikiwa hapa hapa, taa zinawaka. Kesho yake giza. Keshokutwa pazia, jembamba, la kupitisha jua tu. Nikamuuliza kwenye ua, akasema nyaya zimeharibika." Bi Pell alipiga mdomo. "Nyaya gani, miezi saba? Marais wanachaguliwa haraka zaidi."

"Utasema hivyo mbele ya hakimu?"

"Mwanangu, nitavaa na kofia."

Verna aliomba simu. Aliipigia ofisi ya mji, akaulizia watu wa nyumba za kale, akangoja huku Bi Pell akimkatia keki ya limau bila kuulizwa. Mwanamke wa upande wa pili alifungua jalada. Ndiyo, mwaka uliotangulia mji ulikuwa umepitisha sheria: nyumba za aina ile zisiondolewe taa, vioo wala makabati yaliyojengwa nazo bila kibali. Ndiyo, Bwana Whitlock aliomba kibali Februari. Alinyimwa. Na ndiyo, mkaguzi alikuwa amepangiwa kwenda kwake kupiga picha na kuorodhesha kila kitu.

"Lini?"

"Jumatano hii. Tulimwandikia wiki mbili zilizopita."

Verna aliweka simu chini, akala keki yote, akamshukuru bibi, akarudi kupitia uwazi wa ua wa waridi.

*

"Mzee Tarango," alisema akifika kwenye vidato. "Ukizishusha zile taa, inakuchukua muda gani?"

"Moja? Dakika nne. Tano nikiwa na kikohozi."

"Ile ya kwenye ngazi ni sawa na zile tatu?"

"Ni ndugu moja."

"Njoo."

Royce Whitlock aliwakuta ukumbini, akamtazama mzee kisha sajini. "Huyu anaingia kufanya nini? Mimi nilidhani unampeleka."

"Kila mtu atapelekwa panapomstahili. Kaa kwenye benchi hapo, bwana, ni benchi zuri. Mzee, ishushe."

"Sina kifaa, Sajini. Vyote mmevichukua."

"Unahitaji kifaa gani?"

Mzee alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Cha waya tu. Bisibisi."

Konstebo akaleta bisibisi. Tarango alizima swichi kuu, akapanda kwenye kidato cha tatu kutoka juu, akaegemeza bega ukutani kama mtu anayeegemea rafiki. Aliweka kidole gumba juu ya kizibo kimoja cha mpingo, kile cha upande wa dirisha, akabonyeza. Kikaingia ndani kwa upana wa punje ya mchele. Akakisukuma kibao upande wa meko, pakasikika sauti ndogo, laini, kama ulimi unaogusa meno, na kibao kikateremka mkononi mwake kizima, taa ikiwa imening'inia chini yake. Akafungua waya mbili, akashuka, akamkabidhi Verna.

"Dakika tatu na nusu," alisema Verna akitazama saa. "Skrubu ziko wapi?"

"Skrubu? Hakuna. Vizibo vitatu ni pambo, cha nne ni komeo. Bwana Wendover hakupenda chuma kionekane, na asichopenda kionekane hakukiweka."

Royce alisimama. "Ni hila hiyo. Alijua, ndiyo maana akatoboa! Ili ionekane kazi ya mtu asiyejua. Hata mtoto angeona."

"Nililifikiria hilo," Verna alisema. "Nikajiambia, mzee mjanja, anaharibu kwa makusudi. Lakini njoo uone kitu. Simama hapa." Akaelekeza tochi pale taa ilipotoka. Katikati ya dari iliyokuwa na rangi ya chai palikuwa na mraba mweupe kama ndani ya mkate, kingo zake kali kama zilizokatwa kwa wembe. "Hivi ndivyo mwerezi unavyokuwa taa ikitoka leo. Kesho utakuwa hivi hivi, na keshokutwa. Sasa twende kwenye zile za juzi."

Wakaingia chumba cha kulia. Jua lilikuwa limeijaza dari. Mraba haukuonekana, palionekana kivuli cha mraba, asali juu ya chai.

Tarango alivua kofia, taratibu. "Hizo hazikutoka juzi," alisema. "Hizo zimeona jua la miezi."

"Tangu Machi ishirini," alisema Verna. "Mashimo yana buibui, Bwana Whitlock. Ametanda, ametega, amekula nzi watatu, amehama. Hiyo si kazi ya usiku mmoja hata kwa buibui wa California."

Royce alicheka, lakini kicheko kilitoka kikavu. "Buibui! Utanipeleka mahakamani na buibui?"

"Na bibi wa miaka themanini na minne anayeosha vyombo. Na barua ya mji iliyokunyima kibali. Na mkaguzi anayekuja Jumatano kupiga picha taa ambazo hukuwa nazo, kwa hiyo ilibidi ziibwe kabla ya Jumatano." Verna alivuta kiti cha mezani akaketi, daftari juu ya goti. "Unajua nini kilinianzisha? Ufa. Mwizi aliiacha taa iliyo karibu na mkono wake kwa sababu ina ufa usioonekana mpaka upandishe kichwa juu yake. Kwa hiyo anaijua nyumba. Lakini akatoboa mashimo kumi na mawili kutafuta skrubu ambazo hazijawahi kuwepo. Kwa hiyo haijui. Nikajiuliza, ni mtu gani anayejua ufa na hajui komeo? Ni mtu aliyeirithi nyumba, bwana. Anajua thamani ya kila kitu, na hajawahi kushusha hata kimoja kwa mkono wake."

Royce aliinua macho kwenye dari.

"Ungenyamaza ningekuelewa," Verna aliendelea. "Ungeuza taa zako, ukagombana na mji, ukalipa faini, mambo yakaisha. Lakini ulimpigia simu mzee huyu Ijumaa. Ulimpa ufunguo. Ulimtafutia dirisha la kurandia ili aache vidole vyake kwenye dirisha utakalolivunja. Risiti ya San Diego haikusaidii: ungeweza kulivunja Jumapili ulipofika, kabla ya kutuita."

Hapo ndipo Tarango alipogeuka kumtazama Royce. Hakupaza sauti. "Nilikubeba mgongoni humu ndani," alisema. "Ulikuwa na miaka kumi na minne umevunjika mguu. Ulikuwa hutaki watu wakuone umebebwa, tukapita mlango wa nyuma. Royce, ungeniambia tu. Ningekushushia mimi. Zisingevunjika."

Maneno hayo yalifanya kile buibui na bibi walichoshindwa. Royce Whitlock alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, akaweka viganja viwili juu ya meza ya babu yake.

"Nyumba inanimaliza," alisema. "Kila mvua paa, kila mwaka mchwa. Siruhusiwi kuuza hata bawaba. Nikampata mfanyabiashara mmoja wa taa, akasema nitafute njia."

"Ziko wapi?"

Royce alikwaruza ukingo wa meza kwa kidole.

"Sasa ni saa tano na nusu," alisema Verna. "Ukisema kabla ya saa sita, nitaandika umesema kwa hiari yako. Ukisema baada ya hapo, nitaandika nilichokiona."

"San Pedro. Ghala la mfanyabiashara, kando ya bandari. Alikuwa akingoja mteja wa ng'ambo. Meli inaondoka Alhamisi." Akataja namba ya mlango kwa sauti ya chini sana hata konstebo akamwomba arudie.

Verna alinyanyua simu ya ukumbini akampigia Kapteni Strand. "Nimemkamata mtu wako kabla ya saa sita," alisema. "Siyo yule. Nahitaji hati ya kupekua ghala San Pedro, na nahitaji mtaalamu wa kutambua mali."

"Utampata wapi mtaalamu saa hii?" alifoka Kapteni.

"Ninaye hapa. Anamalizia totiya yake."

*

Saa tisa alasiri, ndani ya ghala lililonuka lami na chumvi, walibandua mbao za sanduku la kwanza. Taa ilikuwa imezungushiwa blanketi. Tarango alipiga magoti kwenye saruji, akaifunua, akapitisha kidole kwenye kila kioo, kila kiungo cha mkangazi, kila kamba ya ngozi, bila haraka. Akafanya vivyo hivyo kwa ya pili na ya tatu. Mfanyabiashara alikuwa ukutani kati ya askari wawili, akisisitiza kwamba hakujua lolote, na hakuna aliyemsikiliza.

"Ndizo?" Verna aliuliza.

"Ndizo. Vioo ni vizima. Vibao vimekufa." Aliinua kimoja: mashimo manne yaliyochanika, ulimi umevunjika kwenye shina. Akakishika kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa. "Huyu hakujua hata kutoboa."

"Mji utataka zirudishwe mahali pake, mwenye nyumba awe nani au awe wapi. Watauliza kama unaweza kuvitengeneza vibao visionekane vimevunjika."

"Naweza." Mzee alifikiri, kibao kikiwa magotini. Nje honi ya meli ililia, ikanyamaza. "Lakini sitafanya hivyo. Ulimi nitauchonga mpya. Mashimo nitayaziba kwa mti mwingine, mweupe, wa rangi tofauti kabisa. Mtu akikaa mezani akainua macho, ayaone. Akiuliza ni nini, aambiwe."

"Watakubali?"

Eusebio Tarango aliviringisha taa ndani ya blanketi lake, akaifunga kamba, akasimama nayo kifuani.

"Ufunguo ninao mimi," alisema. "Nishikie mlango, binti."